Umati Hutengenezwa: Historia ya Ijumaa Nyeusi na Mauzo ya Sikukuu

Utangulizi

Wahenga walisema, penye wengi pana mengi. Msemo huu unatufaa sana tunapotazama maduka katika majuma ya mwisho ya mwaka. Hapa Kampala, ifikapo katikati ya Desemba, soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wengi tunaliita Owino, na vichochoro vya Kikuubo hujaa watu kiasi kwamba mtu hatembei bali husukumwa. Kila mmoja anatafuta nguo za watoto, viatu, mchele na zawadi za kupeleka kijijini. Nchini Marekani umati wa namna hiyo una siku yake na jina lake: Ijumaa Nyeusi, yaani Ijumaa inayofuata Siku ya Shukrani. Siku hiyo maduka hushusha bei, na kwa miaka mingi watu walipanga foleni tangu usiku ili wawe wa kwanza kuingia.

Watu wengi huuzungumzia umati huu kana kwamba ni mvua ya masika: huja wakati wake, nasi kazi yetu ni kuvumilia tu. Wengine huwalaumu wanunuzi na kusema wana tamaa. Insha hii ina maoni tofauti. Inajaribu kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba umati wa mauzo ya sikukuu hutengenezwa. Hutengenezwa kwa vitu vinne: bidhaa chache za bei ya chini mno, watu wengi walioitwa kwa matangazo, mlango mmoja, na saa moja. Vitu hivi vinne vikikutana, watu huumia. Kikiondolewa hata kimoja, hatari hupungua sana, na watu hununua na kurudi makwao salama.

Duka kubwa na msimu wa Krismasi

Zamani duka halikuwa mahali pa umati. Mnunuzi aliingia, akaonyeshwa bidhaa, akapatana bei na mwenye duka, na mapatano hayo yalichukua muda. Katikati ya karne ya 19 mambo yalibadilika. Mjini Paris, kuanzia mwaka 1852, Aristide Boucicaut aliligeuza duka la Le Bon Marché kuwa duka kubwa lenye bei zilizoandikwa, ambamo mtu aliweza kuingia na kutazama bila kulazimishwa kununua. Mjini Philadelphia, John Wanamaker alifungua duka lake kubwa mwaka 1876 katika jengo lililokuwa stesheni ya mizigo ya reli. Naye aliweka bei moja kwa wote, na akaruhusu mteja asiyeridhika arudishiwe fedha zake.

Bei moja kwa wote ilikuwa haki kwa mnunuzi, hasa yule asiyejua kupatana. Lakini pia ilifungua njia ya jambo jipya: mauzo ya punguzo. Kama bei haijaandikwa, huwezi kutangaza kwamba imeshuka. Ilipoandikwa, mwenye duka aliweza kuwaita watu maelfu kwa tangazo moja la gazeti. Mwaka 1878 Wanamaker alianzisha punguzo la Januari la mashuka na vitambaa vyeupe, kwa sababu Januari biashara hulala baada ya Krismasi. Hapo tunaona mfanyabiashara akiumba msimu mahali ambapo hapakuwa na msimu.

Baadaye maduka yalianza kuumba hata sherehe. Duka la Gimbels la Philadelphia lilifanya gwaride la Siku ya Shukrani mwaka 1920. Duka la Macy's la New York lilifuata mwaka 1924, wafanyakazi wake wakiandamana barabarani pamoja na wanyama walioazimwa kutoka bustani ya wanyama ya Central Park. Mwisho wa gwaride alikuja Baba Krismasi. Ujumbe ulieleweka na kila mtoto: Siku ya Shukrani ikipita, msimu wa kununua umefunguliwa.

Sauti ya wafanyakazi

Nani alibeba mzigo wa msimu huo? Wa kwanza walikuwa wasichana waliouza madukani na wavulana waliopeleka vifurushi majumbani. Mwezi Desemba walifanya kazi hadi usiku sana, siku baada ya siku, wakisimama kwa saa nyingi. Watu walipongojea hadi siku chache kabla ya Krismasi ndipo wanunue, uchovu wote uliangukia vijana hao.

Florence Kelley aliliona jambo hili. Alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa Ligi ya Kitaifa ya Watumiaji, iliyoundwa mwaka 1899. Ligi hiyo iliwaambia wanunuzi kwamba wao pia wana wajibu, kwa kuwa fedha zao ndizo zinazoamua jinsi mfanyakazi anavyotendewa. Mjini New York, chama kilichoitangulia kilikuwa tayari kinatoa orodha ya maduka yanayowatendea wafanyakazi vizuri. Mwaka 1903 Kelley aliandika makala akilalamika kwamba sikukuu ya upendo imegeuzwa kuwa mateso kwa watoto na wanawake wa madukani. Kutokana na harakati za namna hiyo ulienea wito wa kuwahimiza watu wanunue mapema.

Wito huo unastahili kuangaliwa vizuri. Kelley hakuwaambia watu waache kununua. Alitaka kuondoa kimoja cha vile vitu vinne, yaani saa moja. Wanunuzi walewale, wakitawanywa katika majuma manne badala ya siku nne, si umati tena. Lakini wito wake ulikuwa na matokeo ambayo huenda hakuyatarajia. Wenye maduka waliupenda pia, kwa sababu "nunua mapema" uliwapa msimu mrefu zaidi wa kuuza. Neno lililoanza kama utetezi wa wafanyakazi likawa tangazo la biashara.

Sikukuu iliyohamishwa

Nguvu ya msimu huo ilionekana wazi mwaka 1939. Tangu tangazo la Rais Abraham Lincoln la mwaka 1863, Wamarekani walizoea kuadhimisha Siku ya Shukrani Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, na ya mwisho iliangukia tarehe 30. Wenye maduka, ambao bado walikuwa wanauguza majeraha ya mdororo mkuu wa uchumi, waliona kwamba muda wa kuuza kabla ya Krismasi ungekuwa mfupi. Walimwomba Rais Franklin Roosevelt aisogeze sikukuu mbele kwa juma moja, naye mwezi Agosti akatangaza kwamba itakuwa Novemba 23.

Nchi iligawanyika. Kalenda zilikuwa zimeshachapwa, na ratiba za michezo ya vyuo zilikuwa zimeshapangwa. Kati ya majimbo 48 ya wakati huo, 23 yalifuata tarehe mpya, 22 yakashikilia ya zamani, na majimbo machache yaliyobaki yakaadhimisha zote mbili. Meya wa Atlantic City aliitania sikukuu ya rais kwa kuipa jina lililounganisha "Franklin" na neno la Kiingereza la sikukuu hiyo. Hatimaye, Desemba 1941, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoiweka Alhamisi ya nne ya Novemba, na hapo ndipo ilipo hadi leo. Kwa hiyo tunaposema kwamba umati hutengenezwa, hatusemi kwa mafumbo. Hata tarehe ya sikukuu ya taifa imewahi kusogezwa kwa ajili ya maduka.

Jina lilitoka wapi?

Kuna hadithi inayosambazwa kwenye simu kila Novemba, kwamba jina Ijumaa Nyeusi lilitokana na siku ambayo watumwa waliuzwa kwa bei ya punguzo. Hadithi hii hutugusa sisi Waafrika, kwa kuwa kumbukumbu ya masoko ya watumwa, kama lile la Zanzibar lililofungwa mwaka 1873, bado haijafutika. Hata hivyo si kweli. Marekani ilikomesha utumwa kwa Badiliko la 13 la Katiba mwaka 1865, na jina hili kwa maana ya siku ya manunuzi lilizuka takribani karne moja baadaye. Uchungu wa utumwa ni mkubwa wa kutosha. Hauhitaji ushahidi wa kubuni.

Ni kweli kwamba jina lenyewe liliwahi kutumika kwa jambo jingine. Septemba 24, 1869, siku ya Ijumaa, bei ya dhahabu ilianguka mjini New York baada ya matajiri wawili, Jay Gould na James Fisk, kujaribu kuihodhi, na watu wengi wakafilisika. Siku hiyo iliitwa Ijumaa Nyeusi. Lakini haikuwa na uhusiano na maduka.

Jina la siku ya manunuzi lilitokana na askari polisi wa Philadelphia, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mji huo ulikuwa na kawaida ya kuandaa mchezo wa mpira wa Kimarekani kati ya timu ya Jeshi la Nchi Kavu na timu ya Jeshi la Majini, Jumamosi baada ya Siku ya Shukrani. Ijumaa, siku moja kabla, wageni wa mchezo na wanunuzi kutoka vitongojini waliingia mjini kwa pamoja. Magari yalikwama, njia za waenda kwa miguu zilifurika, na wezi walijichanganya katika umati. Askari hawakuruhusiwa kupumzika siku hiyo, na walifanya kazi kwa saa za ziada. Kwao ilikuwa siku nyeusi, na ndivyo walivyoiita.

Wenye maduka hawakufurahi. Mwaka 1961 palikuwa na jaribio la kuibadilisha jina iitwe Ijumaa Kubwa (msomaji asiichanganye na Ijumaa Kuu ya Wakristo), lakini watu hawakulipokea. Walipoona jina la polisi halifutiki, katika miaka ya 1980 lilipewa maana mpya. Ilielezwa kwamba ni siku ambayo hesabu za maduka hutoka katika wino mwekundu wa hasara na kuingia katika wino mweusi wa faida. Maelezo haya ndiyo yanayorudiwa zaidi hadi leo. Hivyo jina lililokuwa malalamiko ya mfanyakazi mchovu likageuzwa kuwa sifa ya faida, kama vile wito wa Florence Kelley ulivyogeuzwa.

Mlango na saa ya kufungua

Kabla ya kuendelea na Marekani, inafaa kukumbuka tukio moja la Uingereza, kwa sababu linaonyesha kwamba hatari ya mlango ilijulikana mapema. Juni 16, 1883, katika ukumbi wa Victoria mjini Sunderland, mamia ya watoto walikuwa wakitazama maonyesho. Mwishoni zawadi zilianza kugawiwa jukwaani. Watoto waliokuwa ghorofani wakaogopa kukosa, wakakimbilia ngazi. Mlango wa chini ulikuwa umefungwa kwa komeo na kuacha nafasi finyu ya kupita mtoto mmoja. Watoto 183 walikufa. Msiba huo ulisukuma sheria za kudai milango ya kutosha inayofunguka kwa nje katika majengo ya burudani, na baadaye ikabuniwa komeo inayofunguka mtu anapoisukuma tu. Vile vitu vinne vilikuwapo vyote: zawadi chache, watoto wengi, mlango mmoja, dakika moja.

Karne moja baadaye, wakati wa Krismasi ya mwaka 1983, Marekani iliingiwa na wazimu wa wanasesere walioitwa Cabbage Patch Kids. Kiwanda hakikuweza kutosheleza mahitaji. Katika duka moja la Wilkes-Barre, Pennsylvania, watu walisukumana hadi mwanamke akavunjika mguu, na meneja akasimama juu ya kaunta akiwa ameshika gongo la besiboli. Magazeti yaliandika habari hiyo kama kichekesho. Wafanyabiashara wengine walijifunza kutokana nayo kwamba uhaba huvuta watu. Katika miaka iliyofuata ikawa kawaida kutangaza televisheni au kompyuta kwa bei ya chambo, zikiwa chache tu dukani, na kufungua milango alfajiri.

Ndipo likaja tukio la Novemba 28, 2008. Katika duka la Walmart la Valley Stream, jimboni New York, watu wapatao 2,000 walikuwa wakingoja nje gizani. Mlango ulipangwa kufunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Wafanyakazi walijaribu kuuzuia mlango kwa miili yao, lakini ukang'oka, na umati ukaingia. Mfanyakazi wa muda mwenye umri wa miaka 34 aliangushwa chini akafa kwa kukosa hewa. Wenzake waliotaka kumwokoa walikanyagwa pia.

Watu wengi duniani waliwalaani wanunuzi. Lakini tunapaswa kuelewa jinsi umati ulivyo. Aliye nyuma haoni kilichotokea mbele. Anajua tu kwamba foleni imeanza kusogea. Aliye mbele hawezi kusimama hata akitaka, kwa kuwa uzito wa mamia uko mgongoni mwake. Katika msongamano wa namna hiyo mara nyingi watu hufa kwa kubanwa kifua wasiweze kuvuta pumzi. Hivyo swali la haki si "kwa nini watu hawa walikuwa wakatili?" bali "nani aliwaita watu 2,000 kwenye mlango mmoja, saa moja, bila kupanga jinsi watakavyoingia?"

Idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini ilijibu swali hilo. Mwaka 2009 ililitoza duka hilo faini ya dola 7,000 kwa kutowalinda wafanyakazi wake. Kiasi hicho kilikuwa kidogo mno kwa kampuni kubwa namna hiyo, lakini kampuni ilikipinga kwa miaka kadhaa na ikaacha kupinga mwaka 2015 tu. Pia idara ilitoa mwongozo kwa maduka yote: vizuizi vya foleni visianzie mlangoni pake bali mbali kidogo, wanunuzi wapewe namba au vikuku kwa bidhaa zilizo chache, bidhaa za chambo zitawanywe sehemu mbalimbali za duka, wafanyakazi wafundishwe, na milango ya dharura isizibwe. Kila pendekezo linaondoa au kupunguza kimojawapo cha vile vitu vinne.

Ijumaa Nyeusi yasafiri

Desturi hii haikubaki Marekani. Uingereza haina Siku ya Shukrani, lakini maduka ya Asda, yaliyokuwa mali ya Walmart, yaliifanya Ijumaa Nyeusi ijulikane sana huko mwaka 2013. Mwaka uliofuata polisi waliitwa usiku wa manane kwenye maduka kadhaa, hasa eneo la Manchester, na mkuu wa polisi wa huko aliyalaumu maduka kwa kutojiandaa. Mwaka 2015 Asda wakajiondoa katika siku hiyo.

Katika nchi za Kiarabu, duka la mtandaoni la Souq lilianzisha Ijumaa Nyeupe mwaka 2014, kwa kuwa kwa Waislamu Ijumaa ni siku tukufu, haifai kuitwa nyeusi. Kwetu Afrika Mashariki jina hili lilifika hasa kupitia maduka ya mtandaoni kama Jumia katika miaka ya 2010. Jambo hilo lina maana. Duka la mtandaoni halina mlango wa kuvunjwa, wala mtu hakanyagwi. Janga la korona la mwaka 2020 liliongeza mabadiliko hayo, maana maduka makubwa ya Marekani yalifunga Siku ya Shukrani na kueneza punguzo katika majuma kadhaa. Ule ushauri wa zamani wa kununua mapema hatimaye ulifuatwa, ingawa mzigo haukutoweka. Umehamia kwa wafanyakazi wa maghala na madereva wa vifurushi, ambao mnunuzi hawaoni.

Hitimisho

Je, historia hii inatuhusu sisi? Inatuhusu sana. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, katika jengo la maduka la Freedom City, barabara ya Entebbe, watu waliokuwa katika tamasha la mwaka mpya walikimbilia nje kutazama fataki, wakabanana kwenye njia ya kutokea. Watu wasiopungua tisa walikufa, wengine wakiwa watoto. Hapakuwa na bidhaa ya chambo, lakini palikuwa na watu wengi, njia moja na dakika moja. Majengo ya maduka yanaongezeka katika miji yetu, na kila Desemba yanatangaza punguzo na burudani. Tukingoja msiba mwingine ndipo tuweke sheria na kuzisimamia, tutakuwa tumelipa karo mara mbili kwa somo moja.

Mafunzo yako wazi. Serikali za miji zikague milango kabla ya Desemba. Mwenye duka anayetangaza bei ya chambo atangaze pia idadi ya bidhaa alizo nazo, na agawe namba. Mnunuzi naye anunue mapema kadiri mfuko unavyoruhusu. Aingiapo mahali penye umati atazame mlango wa pili uko wapi. Akianza kubanwa, akunje mikono mbele ya kifua ili apate kupumua, asiiname kuokota kilichoanguka, na atoke kidogo kidogo kwa kuelekea pembeni badala ya kushindana na wimbi. Mtoto abebwe, asishikwe mkono tu.

Zaidi ya yote, tukumbuke wale waliosimama upande wa pili wa kaunta: wasichana wa wakati wa Florence Kelley, askari wa Philadelphia, mfanyakazi wa Valley Stream, na vijana wetu wanaobeba marobota Kikuubo hadi usiku wa mkesha wa Krismasi. Punguzo la bei ni jambo jema kwa mwenye kipato kidogo, na hakuna aibu kulitafuta. Lakini kinachopungua kwenye bei hakipaswi kulipwa kwa pumzi ya mtu.